Nikeli na Kobalti: Metali Mbili Kiwandani, Kila Moja na Kazi Yake



Tuchukue mfano mmoja. Kipande cha mtambo kimevunjika usiku katika zamu ya tatu. Kinu kimesimama, na kazi imelala mpaka asubuhi. Kunapokucha anaitwa fundi wa karakana aliyekitengeneza kipande kile wiki iliyopita. Anaeleza kwamba alichomelea kwa uangalifu, kwa fimbo zile zile alizopewa stoo. Hakuna anayemsikiliza. Katika daftari linaandikwa neno moja tu, "uzembe", na mwisho wa mwezi mshahara wake umekatwa.

Mambo ya namna hii hutokea katika viwanda vingi duniani. Lakini mara nyingi kosa haliko katika mkono wa fundi. Liko katika metali yenyewe: imewekwa metali ya kustahimili moto mahali panapotaka metali ya kustahimili msuguano, au imenunuliwa ya bei rahisi mahali pasipoweza kustahimili urahisi. Fundi asiyejua tofauti hizo hana la kujitetea nalo. Akizijua, anaweza kusimama mbele ya mkuu wake na kueleza kwa adabu kwa nini kipande kimevunjika, na kifanywe nini kisivunjike tena.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema leo tueleze juu ya metali mbili ambazo ziko karibu nasi kuliko tunavyofikiri, yaani nikeli na kobalti. Kobalti inatoka kwa jirani zetu wa Katanga. Nikeli ipo chini ya ardhi ya Musongati nchini Burundi, na Kabanga katika wilaya ya Ngara, Tanzania. Zote mbili tunazishika kila siku, kiwandani na shambani, bila kuzijua majina.

Aloi ni kitu gani?

Ni mara chache metali kufanya kazi ikiwa peke yake. Sisi wa Rwanda tunaijua gasegereti, jiwe linalotoa bati. Bati ni laini, na shaba nyekundu nayo ni laini. Ukiziyeyusha pamoja unapata bronzi, metali ngumu kuliko zote mbili. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoitwa aloi. Hata chuma cha pua ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo. Ukikitia kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, unapata kile chuma kisichoshika kutu ambacho mafundi wetu hukiita inoksi.

Kwa hiyo tunaposema aloi za nikeli, maana yake ni michanganyiko ambayo ndani yake nikeli ndiyo nyingi, pamoja na kromi, chuma, alumini, titani na nyinginezo. Na aloi za kobalti ni zile ambazo kobalti ndiyo nyingi, pamoja na kromi, wolframu na kaboni.

Majina yaliyotoka kwa wachimbaji

Majina ya metali hizi mbili yalitokana na taabu za wafanyakazi. Hapo zamani wachimbaji wa Ujerumani walikuwa wakipata mawe yaliyofanana na mawe ya fedha au ya shaba. Walipoyachoma hawakupata fedha wala shaba, bali moshi wenye sumu ya aseniki uliowaumiza. Wakasema ni kazi ya mapepo. Jiwe moja wakaliita kwa jina la pepo wao, Kobold. Jingine wakaliita Kupfernickel, yaani shaba ya shetani. Baadaye wataalamu wa Sweden walivumbua kwamba ndani ya mawe hayo mna metali mpya. Georg Brandt aliitambua kobalti katika miaka ya 1730, na Axel Cronstedt akaipata nikeli mwaka 1751. Basi hapakuwa na pepo lolote. Wachimbaji wale walikuwa wakivuta sumu, na hakukuwa na mtu wa kuwaeleza. Neno hili tulikumbuke, maana tutalirudia mwishoni.

Mambo ambayo zinafanana

Nikeli na kobalti ni kama watoto wa baba mmoja. Tazama:

Uzito. Sentimita moja ya ujazo ya nikeli ina uzito wa karibu gramu 8.9, na kobalti vivyo hivyo. Chuma ni karibu gramu 7.9. Kwa hiyo huwezi kuzitenganisha kwa mizani.

Kuyeyuka. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za sentigredi, kobalti kwenye nyuzi 1,495.

Sumaku. Zote mbili, zikiwa safi, hushikwa na sumaku kama chuma. Nikeli huacha kushikwa inapofika karibu nyuzi 358, na kobalti mpaka ipite nyuzi 1,100. Lakini zikichanganywa na kromi nyingi, mara nyingi sumaku haizishiki. Kwa hiyo fundi asitegemee sumaku peke yake.

Hapa huenda mwenzetu mmoja akauliza: "Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, juu kuliko nikeli na kobalti. Mbona basi inasemwa kwamba hizi mbili ndizo za kustahimili moto?" Swali ni zuri. Jibu ni kwamba mtambo hauharibiki kwa kuyeyuka. Huharibika mapema sana kabla ya hapo, kwa njia tatu. Kwanza, chuma kikiwa chekundu kwa moto huliwa na hewa na kuanguka magamba. Pili, hulegea na kurefuka polepole chini ya mzigo, hata kama mzigo wenyewe ni mdogo. Tatu, kinapofika nyuzi 912 chuma hubadili mpangilio wa ndani wa chembe zake, na kila kikipita hapo kwenda na kurudi hujipinda na kupasuka. Nikeli haibadilishi mpangilio wake tangu ikiwa baridi mpaka inapoyeyuka. Na ikitiwa kromi, hujivika ngozi nyembamba inayozuia hewa isiile. Kobalti nayo ikitiwa kromi hujilinda vivyo hivyo.

Mambo ambayo zinatofautiana

Sasa tuingie katika kiini cha habari. Ndugu hawa wawili wamefanana sura lakini tabia zao ni mbalimbali.

1. Nguvu katika moto. Hapa nikeli inashinda. Ukiichanganya na alumini na titani kidogo, ndani yake huota chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo huizuia isilegee. La ajabu ni kwamba chembe hizo huzidi kuwa imara moto unapopanda, mpaka kufikia nyuzi 700 au 800. Ndiyo maana mapanga yanayozunguka ndani ya injini za ndege hufanywa kwa aloi za nikeli. Aloi ya kwanza ya namna hiyo, iliyoitwa Nimonic, ilitengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya injini za jeti. Kobalti ya kawaida haina chembe hizo. Nguvu yake inatokana na wolframu iliyoyeyukia ndani yake, na vipande vigumu vya kaboni na kromi vilivyotapakaa kama kokoto ndani ya zege. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walitangaza kwamba kobalti ikitiwa alumini na wolframu kwa kipimo maalumu nayo huota chembe kama zile za nikeli.

2. Moto mkali kupita kiasi. Moto ukipita karibu nyuzi 1,000, zile chembe za nikeli huanza kuyeyukia ndani, na nguvu hushuka kwa haraka. Kobalti nguvu yake ni ndogo tangu mwanzo, lakini hushuka polepole. Pia hustahimili vizuri kuungua na kupoa mara kwa mara bila kupasuka. Kwa hiyo katika turbini za gesi, yale mapanga yasiyozunguka, ambayo kazi yake ni kuelekeza gesi yenye moto, mara nyingi yamefanywa kwa kobalti. Hayabebi mzigo mkubwa lakini hupigwa na moto mkali kuliko wote.

3. Kiberiti. Mafuta mazito, makaa ya mawe na nyasi za udongo, yaani peti, huwa na kiberiti. Kiberiti ni adui wa nikeli. Vikikutana katika moto hufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi zisizofika 650, na metali huliwa kutoka ndani kama mti ulioingiwa na mchwa. Mchanganyiko wa kobalti na kiberiti huyeyuka karibu nyuzi 880. Kwa hiyo kobalti huvumilia zaidi moshi mchafu. Lakini penye magadi makali, nikeli ndiyo bora, nayo hutumiwa sana katika viwanda vya kemikali.

4. Msuguano. Hapa kobalti haina mpinzani wa karibu. Mwaka 1907 Mmarekani Elwood Haynes alipata hati ya uvumbuzi wa aloi ya kobalti na kromi, na miaka michache baadaye akaongeza wolframu. Aliiita Stellite, na jina hilo linatumika mpaka leo. Ukiichomelea juu ya chuma kama ngozi ya nje, hubaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa moto, na haigandamani na chuma kingine kinachosugua juu yake.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiri mama anayepanga machungwa sokoni Kamembe. Safu ya chini ameipanga, safu ya pili ameiweka katika mabonde ya safu ya kwanza. Safu ya tatu anaweza kuiweka kwa njia mbili: ama kila chungwa likae juu kabisa ya chungwa la safu ya kwanza, ama likae juu ya mabonde mengine. Chembe za metali nazo hupangwa hivyo hivyo. Nikeli siku zote hufuata njia ya pili. Kobalti ikiwa na moto hufuata njia ya pili, na ikipoa chini ya karibu nyuzi 420 hupendelea njia ya kwanza. Katika aloi kama Stellite chembe hubaki zikisitasita kati ya njia hizo mbili. Kitu kikiigonga au kuisugua, safu hujipanga upya papo hapo na kumeza nguvu ya pigo lile. Badala ya kumeguka, ngozi ya juu inazidi kuwa ngumu.

5. Kutengeneza. Aloi za nikeli zenye alumini na titani nyingi ni ngumu kuchomelea, maana hupasuka pembeni mwa mshono hata fundi akiwa hodari. Aloi nyingi za kobalti hukubali kuchomelewa kwa urahisi zaidi. Hata hivyo ngozi ya Stellite inataka kipande kipashwe moto kwanza na baadaye kipozwe polepole. Fundi akiharakishwa, itapasuka. Kosa hapo ni la nani? La yule aliyeharakisha.

6. Bei. Kwa kawaida kobalti ni ghali kuliko nikeli, na bei yake haitulii.

Kolwezi, mwaka 1978

Juu ya bei tunayo habari iliyotokea kwa jirani zetu. Kobalti ya Katanga ilianza kutolewa katika miaka ya 1920, chini ya kampuni ya Union Minière. Mwaka 1967 migodi ilichukuliwa na serikali, na baadaye shirika lake likajulikana kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo, wakati ule ikiitwa Zaire, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia.

Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Wafanyakazi wengi na familia zao walipoteza maisha, na kazi ya migodi ikasimama kwa muda. Huko Ulaya na Marekani wenye viwanda walishikwa na hofu, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Hapo ndipo walipoanza kuuliza mahali gani kobalti inatakiwa kweli, na mahali gani imewekwa kwa mazoea tu. Katika injini za ndege, vipande vingi vya kobalti vikabadilishwa na kufanywa kwa aloi za nikeli. Katika vipaza sauti vya redio, sumaku zenye kobalti zikaachwa, zikawekwa za feriti, ambazo hutokana na kutu ya chuma.

Siku hizi kobalti inatafutwa kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mwaka 1999 hadi 2013 kobalti ilitolewa pia Kasese nchini Uganda, kutoka katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Kwa hiyo mchezo wa bei haukuisha mwaka 1978. Jambo linalotupasa kujua ni hili: bei ikipanda, kiwanda huenda kikabadilisha metali bila kumwambia fundi. Fimbo za zamani zilikuwa za kobalti, za sasa ni za nikeli au za chuma chenye kromi, na boksi ni la rangi ile ile. Fundi asome maandishi ya boksi kila linapofika jipya.

Katika viwanda vyetu vya Rusizi

Tuanze na saruji, au sima kama tunavyosema huku. Kiwanda cha CIMERWA huko Bugarama kilianza mwaka 1984 kwa msaada wa China. Mwaka 2015 kilipata mtambo mpya wa njia kavu, wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Katika tanuru lolote la saruji, mawe huchomwa mpaka karibu nyuzi 1,450. Bomba kubwa la tanuru ni chuma cha kawaida, na kinachokilinda ni matofali ya ndani. Lakini vipande vinavyokutana na moto uso kwa uso, kama mdomo wa bomba la kuwashia na sahani za kupozea mawe yaliyochomwa, kwa kawaida hufanywa kwa chuma chenye kromi karibu asilimia 25 na nikeli asilimia 12 mpaka 20. Na kama mafuta au makaa yana kiberiti kingi, wataalamu hupunguza nikeli na kuongeza kromi. Sababu tumeieleza hapo juu.

Joto la tanuru na la moshi wake linapimwa na nini? Mahali pengi ni kwa termokapo, yaani nyaya mbili zilizounganishwa ncha. Aina inayotumika sana ni ya aloi mbili za nikeli: waya mmoja una kromi asilimia 10, wa pili una alumini kidogo. Ncha ikipata moto, umeme mdogo hutokea na mshale wa kipimo husogea. Mfanyakazi wa chumba cha mitambo hutegemea nikeli kila dakika. Pamoja na hayo ajue kwamba nyaya hizi huchakaa, na zikichakaa hudanganya.

Sasa vinu vya kusagia na nyundo za kuvunjia mawe. Hapa wengi hudhani panatakiwa kobalti kwa sababu ni ngumu. Sivyo. Nyundo zinazopigwa na mawe makubwa hufanywa kwa chuma cha manganizi, ambacho hukomaa kinavyopigwa. Mipira ya kusagia hufanywa kwa chuma cha kuyeyushwa chenye kromi nyingi. Kuweka kobalti hapo ni kutupa fedha. Kobalti iwekwe penye msuguano na moto pamoja, au penye msuguano na kutu pamoja, kama katika makalio ya vali.

Twende kwenye chai, huko Shagasha, na Gisakura upande wa Nyamasheke. Katika viwanda vya chai vinavyotumia mashine za kukata na kusokota majani, meno ya magurudumu yake kwa kawaida ni ya inoksi, yenye nikeli na kromi. Sababu ni maji ya jani la chai. Yana ukali unaokula chuma cha kawaida, na kutu huharibu rangi na ladha ya chai. Inoksi haina ugumu mkubwa, ndiyo maana meno hayo hunolewa mara kwa mara. Hilo ni tabia ya metali, si dalili ya mnoaji mbaya.

Mashambani nako, misumeno ya kupasulia magogo ya mikaratusi huwa na ncha za meno zilizovikwa aloi ya kobalti ili isikae butu upesi. Malori ya dizeli yanayobeba majani mabichi yana vali za kutolea moshi ambazo nyuso zake mara nyingi zimevikwa Stellite, na shina lake huweza kuwa la aloi ya nikeli. Basi ndugu hao wawili wako pamoja katika kipande kimoja, kila mmoja mahali pake.

Tusisahau maji ya mto Rusizi. Kituo cha umeme cha Rusizi ya Pili kilianza mwaka 1989, nacho ni mali ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Duniani, magurudumu ya turbini za maji hufanywa mara nyingi kwa chuma chenye kromi asilimia 13 na nikeli asilimia 4. Maji yanapokwenda kasi huzaa mapovu madogo ambayo yakipasuka juu ya metali huipiga kama nyundo ndogo, mpaka ikawa na matundu kama sifongo. Kinachostahimili mapigo hayo kuliko vyote ni aloi zenye kobalti, kwa ile sababu ya machungwa ya Kamembe. Basi mahali palipoliwa huweza kuchomelewa ngozi ya aloi hiyo.

Mwisho ni ncha za keekee za kutobolea mawe na visu vya mashine ya kukerezea chuma, ambavyo mafundi huviita widia. Widia ni jina la kiwanda cha Krupp cha Ujerumani, lililoanza kutumika katika miaka ya 1920. Ndani yake mna unga wa wolframu na kaboni uliogandishwa kwa kobalti, kama kokoto zinavyogandishwa kwa saruji. Wolframu inachimbwa hapa kwetu Rwanda, na kobalti inatoka Katanga. Zinakwenda ng'ambo zikiwa madini tu, na kurudi zikiwa ncha ndogo ya bei kubwa.

Vumbi na moshi

Sasa turudi kwa wale wachimbaji wa kale waliodhani wanasumbuliwa na mapepo. Ndugu, hakuna pepo, lakini sumu ipo.

Anayenoa widia kwa jiwe la umeme huvuta vumbi la wolframu na kobalti. Vumbi hilo huweza kukausha mapafu na kuyafanya magumu kama ngozi. Dalili zake ni kikohozi kikavu, kubanwa kifua, na kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo. Wapo wanaojisikia nafuu siku ya mapumziko, na Jumatatu jioni shida inarudi. Hiyo ni alama kubwa kwamba ugonjwa unatoka kazini.

Anayechomelea inoksi na aloi za nikeli huvuta moshi wenye nikeli na kromi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka michanganyiko ya nikeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani mwaka 1990. Mwaka 2017 moshi wa kuchomelea nao ukawekwa katika kundi hilo. Nikeli pia huwasha ngozi. Mtu akishaanza kuwashwa nayo, kila akiigusa atawashwa, hata kifungo cha suruali kitamsumbua.

Haya si maneno ya kumtisha mtu aache kazi. Ni maneno ya kumfanya adai kinga. Kinga zenyewe zinajulikana: kunolea kwa maji ili vumbi lisiruke, bomba la kuvuta moshi liwekwe karibu na mshono, wala si feni ya kuupeleka moshi kwa mwenzako, barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, kwa kuwa kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu, kunawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Kwa hiyo anayeomba barakoa haombi zawadi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza kazi

Fundi anapopewa kipande cha kutengeneza, aulize:

Kipande hiki kinaharibiwa na nini: moto, msuguano, pigo, au kutu? Kama ni moto pamoja na mzigo mkubwa, fikiri nikeli. Kama ni msuguano katika moto, fikiri kobalti. Kama ni pigo la mawe, fikiri manganizi.

Moshi unaopita hapa una kiberiti?

Kipande cha asili kilikuwa cha aloi gani, na fimbo nilizopewa ni za aloi gani? Andika katika daftari lako namba iliyo kwenye boksi, tarehe, na jina la zamu.

Je, nimepewa muda wa kupasha moto na kupoza polepole? Kama sikupewa, nani ameamua hivyo?

Vumbi na moshi wa kazi hii vinakwenda wapi?

Daftari hilo dogo la senti chache lina faida kubwa. Siku kipande kitakapovunjika na neno "uzembe" likatajwa, mwakilishi wa wafanyakazi atakuwa na kitu cha kuweka mezani: aloi ilikuwa hii, moto ulikuwa huu, muda uliotolewa ulikuwa huu. Mkuu mwenye busara atashukuru, maana kiwanda nacho hupata hasara kipande kikivunjika mara mbili. Na mkuu asiye na busara atakosa la kusema.

Tunawaomba wenzetu wa karakana wawasomee ukurasa huu vijana wanaojifunza kazi, na wale wa mashambani wasiopata nafasi ya kuingia karakana. Mjumbe wa kila sehemu na aulize wiki hii swali moja tu: jiwe la kunolea widia katika karakana yetu lina maji na bomba la kuvuta vumbi, au halina? Jibu liletwe katika mkutano ujao.